Feleji Imefika Kangema

Nimekipata! Kiko hapa mezani kando ya daftari, na kila nikimaliza sentensi mbili nakichukua tena, nakifungua kwa kidole gumba, nasikiliza ule mlio wa bapa kuingia mahali pake, nakifunga, naendelea kuandika. Leo ni siku ya tano tangu kifike na moyo bado unanidunda kama wa mtoto aliyenunuliwa viatu vya Krismasi. Wapenda visu wenzangu mtanielewa. Ninyi wengine nivumilieni kidogo, maana hili ni jambo ambalo kila mkulima wa huku milimani amelihangaikia, hata kama hajawahi kulipa jina: mbona kisu kizuri hakinidumu?

Kisu chenyewe ni Sebenza 31, ile saizi ndogo. Bapa lina urefu wa inchi 3, uzito wote ni gramu 85 hivi, na mpini ni mapande mawili ya titaniamu yaliyokwaruzwa kwa mchanga hadi yakawa na rangi ya wingu la mvua. Mpwa wangu anayeishi Lowell, jimbo la Massachusetts, kule walikojaa Wakenya wenzetu, alikuja nacho kimefungwa ndani ya soksi katikati ya sanduku la mizigo. Nilipokikunjua mara ya kwanza nilikuwa nimesimama stejini Kangema, mvua ya manyunyu ikinyesha, na ninawaambia kweli nilisahau kupanda gari.

Hata jina lina utamu wake. Sebenza ni Kizulu, maana yake kufanya kazi. Chris Reeve, aliyekibuni, ni mtu wa Afrika Kusini aliyehamia Boise, Idaho, mwaka 1989, akabeba na maneno ya kwao. Kuna umbo moja la bapa analoliita insingo, yaani wembe. Kisu cha Marekani kinachojitambulisha kwa lugha ya Kibantu! Hapo tu alikuwa ameshaninasa.

Lakini sikukitaka kwa sababu ya jina, wala ya mpini. Nilichokuwa nakiwinda kwa miaka mitatu ni chuma.

Wazee wa pwani walikuwa na maneno ya kutenga chuma na chuma. Chuma ni kile cha kawaida. Pua ni kilichokomaa, kinachoshika makali. Na feleji ni pua teule, ile ya kufulia upanga wa mtu mwenye heshima zake. Siku hizi tukienda dukani tunasema stenlesi tukamaliza, kana kwamba zote ni baba mmoja mama mmoja. Hapana. Kati ya stenlesi ya kisu cha shilingi mia mbili na hii niliyonayo mkononi kuna umbali wa kutoka hapa hadi Mombasa kwa miguu, na nataka kuwaonyesha njia yote.

Kwanza mjue kisu kinapitia nini huku kwetu. Wageni husema tuko Mlima Kenya, na kweli asubuhi ya anga safi tunauona, ila hali yetu ya hewa inatoka upande wa pili, Nyandarua. Mgongo wetu umeegemea msitu wa Aberdare. Ukipanda kuelekea Kanyenya-ini ni chai juu ya chai hadi ukingo wa msitu. Ukishuka kuelekea mjini Murang'a unakutana na kahawa, ndizi, parachichi, makadamia. Mwezi wa saba ukungu unateremka usiku na hauondoki mpaka saa nne. Nguo hazikauki. Chumvi kwenye kopo inageuka uji. Chochote cha chuma kilichoachwa nje, asubuhi kimeanza kupiga kutu.

Katika hali hiyo kisu cha mfukoni hakipumziki. Alfajiri kinafungua gunia la chakula cha ng'ombe na kukata kamba ya mkonge. Baadaye kinapunguza machipukizi ya migomba, na utomvu unakitapakaa. Mchana kinachonga ncha ya kikonyo cha parachichi la kupandikiza, kazi inayotaka makali ya wembe, kwa sababu mkato ukiwa na manyoya kikonyo hakishiki. Jioni kinakata kipande cha blada cha kufungia mzigo kwenye pikipiki, na usiku, kama kuna sherehe, kiko kwenye mbuzi. Sasa tazama kila kazi inavyoumiza chuma kwa namna yake.

Utomvu wa mgomba na jani bichi la chai vyote vina tanini. Tanini ikikutana na chuma kisicho na kinga hutoa weusi uleule uliotumika kutengeneza wino wa zamani. Ndiyo maana kisu cha mama yako kina rangi ya usiku. Kisha kuna nepia, nyasi ya kulishia ng'ombe. Mmewahi kujiuliza kwa nini jani la nepia hukukata kidole? Ndani yake mna silika, madini yaleyale ya mchanga, ambayo mmea umeyanywa kutoka ardhini. Kule Sheffield, Uingereza, kuna taasisi inayoitwa CATRA ambayo hupima udumu wa makali kwa kukata karatasi ngumu iliyochanganywa na silika asilimia 5. Yaani watu wa Sheffield wanatia mchanga kwenye karatasi makusudi ili wapate kile ambacho sisi tunakikata kila asubuhi kabla ya chai!

Na ajali hazikosi. Kisu kinapita kwenye gunia kinakutana na pini. Kinachonga nguzo kinagonga msumari uliozama.

Miaka mitatu iliyopita nilinunua kisu cha kukunja cha chuma cha D2. Sitataja aliyekitengeneza. Kila mtu alikuwa anakisifia kwamba kinashika makali, na kweli kilishika: nilikata nepia wiki nzima na bado kikanyoa nywele za mkono. Nikajiona nimefika. Ulipoingia mwezi wa saba, madoadoa ya kahawia yakatokea karibu na bawaba, kisha kwenye makali penyewe. Halafu siku moja nikakata kamba iliyokuwa imefungwa kwenye nguzo ya ua, bapa likagusa msumari wa pembe mbili unaoshikilia waya, na nilipolitazama kwenye mwanga niliona pengo. Pengo la mraba, kama jino lililong'oka. Lilinichukua jioni mbili za kunoa kulimaliza, na nikapoteza milimita nzima ya bapa.

Nilikasirika sana, kisha nikaanza kusoma. Na nilichokigundua kimenibadilisha kabisa namna ninavyokitazama kisu.

D2 ina kromiamu asilimia 12 hivi. Ukiambiwa hivyo utadhani haitapata kutu, maana kromiamu ndiyo inayofanya chuma kiwe stenlesi: hujitandika juu ya uso wa chuma kama ngozi nyembamba isiyoonekana, na ngozi hiyo ikichubuka hujiponya yenyewe. Ila D2 pia ina kaboni nyingi, asilimia 1.5, na kaboni ni mchumba mwenye wivu. Inaikamata kromiamu, wanashikana kuwa chembe ngumu zinazoitwa karbidi, na kromiamu iliyonaswa humo haiwezi tena kwenda kujitandika usoni. Kwa hiyo kromiamu ipo, lakini imefungiwa chumbani. Tena karbidi zenyewe ni majitu. Nyingine hufika makumi ya mikroni, wakati unywele wa binadamu una unene wa mikroni 70 hivi. Hebu fikiria makali yaliyochongwa hadi wembamba usiofika mikroni moja, halafu ndani yake umepachika kokoto kama hizo. Ukigonga msumari, kokoto inang'oka na kuacha shimo. Lile pengo langu la mraba lilikuwa hilo!

Ndipo nikakutana na habari za Larrin Thomas. Ni mtaalamu wa metali wa Marekani, baba yake Devin Thomas ni mfuaji mashuhuri wa chuma cha michirizi kiitwacho Damaski, na yeye mwenyewe aliandika mwaka 2020 kitabu kinachoitwa Knife Engineering. Mwaka 2021 akatoa chuma alichokibuni yeye, MagnaCut, nacho ndicho cha bapa langu hili. Na wazo lake ni la kupigia makofi. Alijiuliza: kwa nini tunaendelea kuongeza kromiamu wakati nyingi inanaswa na kaboni? Tuipunguze, halafu kaboni tuioze kwingine. Akaweka kromiamu asilimia 10.7 tu, kaboni 1.15, kisha vanadiamu 4, niobiamu 2, molibdenamu 2, na naitrojeni kidogo, 0.2. Vanadiamu na niobiamu huipenda kaboni kuliko kromiamu inavyoipenda. Zikaichukua. Kromiamu ikabaki huru, karibu yote, ikaenda kulinda uso wa chuma. Matokeo yake ni chuma chenye kromiamu pungufu kuliko D2, lakini kinachoikataa kutu kuliko vyuma vingi vyenye asilimia 14!

Niliposoma hilo nilisimama kutoka kwenye kiti.

Kuna ladha nyingine ndani yake, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu inatugusa sisi wa huku. MagnaCut haimiminwi kwenye kalibu ikapoa polepole kama chuma cha kawaida. Ilianza kutengenezwa na kampuni ya Crucible ya Syracuse, New York, kwa mbinu waliyoianzisha mwaka 1970: chuma kilichoyeyuka hupulizwa kwa naitrojeni yenye kani kubwa kikatawanyika kuwa matone madogo, na kila tone huganda kabla karbidi hazijapata nafasi ya kunenepa. Unapata unga. Unga wa chuma! Unashindiliwa ndani ya mkebe, unabanwa kwa joto na shinikizo hadi unashikamana kuwa pande moja, kisha linaviringishwa kuwa bamba. Karbidi zake zinabaki za mikroni moja au mbili, zimetawanyika sawasawa kama chumvi iliyokorogwa vizuri.

Sasa rudini nyuma zaidi ya miaka mia. William na Katherine Routledge walikaa miongoni mwa Agikuyu wa upande huu, na kitabu chao cha mwaka 1910 kinaeleza kazi za wahunzi wetu. Wahunzi hao hawakuchimba mwamba. Walichota mchanga mweusi wenye chuma, wakauosha kwa maji hadi uchafu ukaondoka zikabaki chembe nzito, wakazikausha, wakaziyeyusha kwa makaa kwenye tanuru la udongo huku mivukuto ya ngozi ya mbuzi ikivuma. Jomo Kenyatta naye, katika Facing Mount Kenya ya mwaka 1938, hakuusahau uhunzi miongoni mwa kazi za mikono za Agikuyu. Kutoka kwenye ule mchanga walifua mikuki, panga za kutia kwenye ala, na visu vidogo vya kila siku. Ninaposhika bapa hili lililotokana na unga, na hapo chini bondeni mto Mathioya unapiga kelele kwenye mawe yake, siwezi kuacha kufikiri kwamba safari ya kisu kizuri imeanza tena kwenye chembe, kama ilivyoanza hapa.

Haya, majaribio! Nimekuwa nacho siku tano tu, kwa hiyo haya ni ya mwanzo, lakini siku hizo tano sikukihurumia.

Usiku wa kwanza nilichukua visu vitatu. Kimoja ni Opinel ya chuma cha kaboni, kile kisu cha Kifaransa cha mpini wa mti ambacho Joseph Opinel alianza kukitengeneza Savoie mwaka 1890. Ninacho tangu ujana na ninakipenda. Cha pili ni ile D2. Cha tatu ndicho hiki kipya. Nikakata shina la mgomba kwa kila kimoja, nikaviacha na utomvu wake juu ya ukuta wa zizi, wazi, ukungu uvifunike. Mke wangu aliniuliza kama nina akili timamu, kisu cha bei ile.

Saa kumi na mbili asubuhi nilitoka na tochi. Opinel ilikuwa imegeuka nyeusi tii, na kando ya makali kulikuwa na mstari wa rangi ya chungwa. D2 ilikuwa na vipele, kama uso wa mtu aliyepata tetekuwanga. Cha tatu kilikuwa na utando wa utomvu uliokauka, wa rangi ya chai ya rangi. Nikamwagia maji ya vuguvugu, nikapangusa kwa kidole gumba. Chini yake bapa liling'aa. Nikaligeuza upande wa pili, nikalisogeza karibu na jicho, nikatafuta hata doa moja, hata kwenye zile herufi ndogo zilizochongwa ambako maji hupenda kujificha. Hakuna! Nilipiga kelele mpaka mbwa akabweka.

Siku ya pili na ya tatu zilikuwa za nepia. Kwa kawaida nepia ni kazi ya panga, ninajua, ila nilitaka silika, kwa hiyo nilikata tita zima kwa kisu, shina kwa shina, kwa mkato wa kuvuta. Kisha kamba ya mkonge, mkato baada ya mkato juu ya gogo, mpaka kiganja kikauma. Baada ya hayo kisu hakikunyoa tena nywele za mkono kwa ulaini wa mwanzo, ila kilikata karatasi ya gazeti bila kuikwaruza, na nyanya iliyoiva kiliipita kwa uzito wake chenyewe. Niseme ukweli, kwa udumu wa makali peke yake MagnaCut haiko kileleni. M390 ya Böhler inaishinda. S90V, yenye vanadiamu asilimia 9, inaishinda kwa mbali. MagnaCut inatembea karibu na S35VN, chuma ambacho Sebenza iliwahi kukitumia. Anayekata maboksi makavu ghalani mwaka mzima huenda akafurahia zaidi hizo nyingine.

Lakini sisi hatukati maboksi! Na siku ya nne ndiyo iliyonimaliza. Nilirudi kwenye nguzo ileile, kwenye msumari uleule wa pembe mbili, nikakata kamba, na safari hii nikaliacha bapa makusudi ligonge. Mikono ilinitetemeka. Nikaenda mlangoni penye mwanga, nikapitisha ukucha juu ya makali. Ukucha ulikwama mahali padogo. Nilitazama kwa kioo cha kukuzia: makali yalikuwa yamelala upande, kijikunjo chembamba kama ukingo wa jani lililopigwa na jua. Hayakung'oka! Yamekunjika. Kilichokunjika unaweza kukinyoosha. Nilikipitisha mara kadhaa kwenye mkanda wa ngozi na mara chache kwenye jiwe, dakika kumi zote, na alama haikuonekana tena. Ile D2 ilinila jioni mbili.

Kuna jambo lingine ambalo Larrin Thomas amelipima na kulirudia, na nadhani wengi wetu tunalikosea: pembe ya makali ina nguvu kuliko jina la chuma. Kisu cha chuma cha kawaida kilichonolewa kwa pembe kali kinaweza kukishinda kwa kukata kisu cha chuma ghali chenye makali manene. Uzuri wa chuma kigumu kisichokatika kirahisi ni kwamba kinakuruhusu ukinoe kwa pembe kali bila woga wa kumeguka. Mimi nimekipunguza hadi nyuzi 17 hivi kila upande, na kwenye kikonyo cha parachichi mkato unatoka umelainika kama ndani ya yai.

Kasoro? Ninazo, na mama yangu ndiye aliyeipata kubwa. Alikichukua jikoni bila kuniuliza akamenya nduma, akaridhika. Akaanza kukata viazi vitamu vibichi vikubwa. Akasimama.

"Hiki kinapasua," akasema. "Sikiliza."

Nikasikiliza. Kila mkato ulitoa mlio wa kuvunjika, kama kuni. Ana haki. Bapa limechongwa kwa ubonde, jembamba sana karibu na makali, kisha linanenepa ghafla kuelekea mgongoni, kwa hiyo likizama kwenye kitu kigumu chenye kina linageuka kabari. Mama alirudia kisu chake kidogo kilichofuliwa kwa springi ya lori, ambacho amekinoa miaka mingi hadi kimebaki na upana wa kidole, na kikapita kwenye kiazi kimya. Bapa jembamba lina utukufu wake, na hakuna chuma cha maabara kinachoweza kuufidia mgongo mnene.

Titaniamu nayo inateleza mkono ukiwa na mafuta. Siku tuliyochinja mbuzi nilikuwa makini kupita kawaida wakati wa kuchuna. Na alfajiri titaniamu hiyo ina baridi kama mfuniko wa sufuria iliyolala nje.

Bei ni nzito. Ni zaidi ya dola 400. Ni bonasi ya chai, na si ya mwaka mbaya. Mwenye fedha hizo na karo haijalipwa asinisikilize hata kidogo. Kwake nina jibu lingine, nalo nalisema kwa furaha ileile: atafute kisu cha chuma cha 14C28N. Ni chuma cha Uswidi, cha Sandvik, kampuni ambayo lililokuwa tawi lake la vyuma sasa ni kampuni iitwayo Alleima. Kina kaboni kidogo, asilimia 0.62, kromiamu 14, na naitrojeni kidogo inayosaidia kufukuza kutu. Hakidumu na makali kama MagnaCut, lakini kinanoleka haraka, hakimeguki ovyo, na visu vingi vyake vinauzwa chini ya dola 50. Kwa ukungu wetu na utomvu wetu ningekichagua mara kumi kabla ya D2. Ninasikitika kwamba sikujua hili miaka mitatu iliyopita. Vilevile nisingechukua chuma cha 3V, ingawa kwa ugumu wa kutovunjika ni simba. Kromiamu yake ni asilimia 7.5 tu na ukungu wa Kanyenya-ini ungeila.

Wengine wataniuliza kama chuma hiki kitaendelea kupatikana, kwa sababu Crucible iliomba ulinzi wa kufilisika Desemba 2024. Nilikuwa na wasiwasi huohuo. Mwaka 2025 Erasteel ya Ufaransa ilinunua mali na haki za vyuma vyake vya unga, kwa hiyo tumepumua.

Limebaki la kunoa, na hapa naomba mnisikilize kwa makini kuliko kote. Jana nilishuka sokoni. Pale pembeni hukaa mzee mmoja mwenye baiskeli iliyoinuliwa gurudumu la nyuma, anakanyaga pedali, mkanda unazungusha jiwe, cheche zinaruka. Amenoa visu vya nusu ya Kangema. Nilimwonyesha changu. Alikifungua, akakifunga, akakifungua, uso ukabadilika.

"Lete nikipige kidogo," akasema, mguu tayari kwenye pedali.

"Hapana mzee, hiki usikiguse na hilo jiwe, tafadhali."

Alinitazama kama niliyemtukana, ikabidi nimweleze. Chuma hiki kilichomwa hadi nyuzi 1,100 na ushei za selsiasi, kikapozwa ghafla, kikagandishwa kwa baridi kali, kisha kikapashwa tena taratibu kwenye nyuzi 175 hivi ili ugumu wake utulie. Jiwe kavu linalozunguka kwa kasi linaweza kuyatia makali moto kuliko huo kwa sekunde chache. Ukiona rangi ya dhahabu imeanza kutokea kwenye ncha, umeshapita. Ukiona buluu, makali yameshalainika.

"Hiyo buluu naijua," mzee akasema polepole. "Kwenye panga za springi. Ikitokea, wateja wanarudi kulalamika."

"Ndiyo hiyohiyo, mzee."

Nikatoa kutoka mfukoni bamba langu dogo la almasi, jembamba kama kadi ya simu kubwa. Karbidi ya vanadiamu ni ngumu kuliko jiwe la kawaida la kunolea, na ngumu zaidi ya maradufu ya mchanga wa kinoo cha mtoni. Kinoo cha mtoni kitakula chuma kilichozizunguka, na kwa MagnaCut kitafika mwisho wa safari kwa sababu karbidi zake ni chache na ndogo, ila kwa kuchelewa. Kwa S90V ungekesha. Almasi haijali. Nilimwaga matone mawili ya maji, nikalaza bapa, nikavuta kwa uzito wa mkono tu, mara kumi huku, mara kumi kule, hakuna cheche, hakuna kelele, ni ule mlio mwembamba kama wa mtu anayesugua hariri. Kisha nikamshikia kipande cha gazeti, nikamwachia yeye akate.

Karatasi iligawanyika kabla hajasukuma.

Mzee alishusha mguu kutoka kwenye pedali. Alichukua lile bamba, akalipitisha kwenye ukucha wake, akalinusa, akalitazama kwa upande dhidi ya mwanga. Kisha akafungua sanduku lake la mbao, akatoa kisu chake mwenyewe, kile anachokitumia kukatia mikanda, akadondosha matone mawili ya maji kama alivyoniona nikifanya, akaanza kuvuta. Gari la Murang'a lilipiga honi, utingo akaniita. Nikampungia mkono aende.